Magitaa, tarumbeta na akodeoni visivyopigwa tena: ninavyovitunza hapa Lubumbashi

Usiweke mchele ndani ya sanduku la gitaa. Ushauri huu unazunguka mjini kuanzia Katuba hadi Ruashi, na kila anayeutoa anautoa kwa uhakika kamili: "Yaya, weka mchele, utakunywa unyevu wote." Mchele hunyonya unyevu kidogo, ukishashiba hausaidii tena, halafu unaleta fukusi, na nyuma ya fukusi panya. Panya naye haishii kwenye mchele. Anatafuna kitambaa cha ndani, anakojolea nyuzi na vyuma, na mkojo huo unaotesha kutu mpaka chini ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa.

Ninatunza gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la nyuzi za chuma, jingine la nyuzi za nailoni, tarumbeta, saksafoni alto, akodeoni ile ya kuvuta, likembe (ile ala ndogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), na gitaa la umeme pamoja na amplifaya yake. Hakuna anayevipiga siku hizi, lakini vyote viko tayari kupigwa. Najivunia jambo hilo, kwa sababu mji huu ni mgumu kwa mbao. Tuko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua kubwa ni Novemba hadi Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba huoni tone, hewa inakauka, midomo inapasuka, na mbao nazo zinapasuka. Basi kinga ya Januari ikiachwa sandukuni hadi Agosti inageuka kuwa ndiyo sumu. Wanaoshauri "lifunge vizuri tu uliache" wanasahau kwamba hapa gitaa lina maadui wawili wanaopokezana zamu.

Ubao hausinyai kwa urefu, unasinyaa kwa upana, yaani kukatisha nyuzinyuzi zake. Ubao wa mbele wa gitaa ni mwembamba, umegundishwa pande zote, hauna pa kwenda. Ukisinyaa unachanika, mara nyingi kuanzia kwenye daraja kushuka chini. Gitaa linataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Chini ya 40 anza kuhangaika. Ukizidi 65 kwa muda mrefu, ubao unavimba, daraja linanyanyuka, nyuzi zinakuwa juu mno, na ukungu mweupe unaota kwenye kitambaa cha sanduku.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kipima unyevu kidogo cha betri. Ni dola chache, kinauzwa pamoja na vitu vya simu. Tatizo ni kwamba vya bei rahisi vinadanganya, vingine kwa asilimia 5, vingine hata 10. Dawa yake ni chumvi ya jikoni, na hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi, dondoshea maji tone kwa tone huku ukikoroga kwa kijiti, mpaka iwe kama mchanga uliolowa. Isielee majini, na isibaki kavu. Weka kifuniko hicho na kipima chako ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko unaobana, zile chupa za mayonezi zinafaa sana. Hakikisha chumvi haigusi kipima. Funga, weka mahali pasipo jua, acha usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hivyo hutulia kwenye asilimia 75, na joto la nyumbani halibadilishi namba hiyo kwa kiasi cha kukusumbua. Soma bila kufungua. Kikionyesha 68, basi kinapunguza 7. Andika "+7" kwenye karatasi ndogo, ibandike nyuma yake, na tangu siku hiyo kipima cha dola chache kinakuambia ukweli. Rudia kila mwaka. Ila chumvi hiyo isiingie kamwe kwenye sanduku la gitaa kama kinga: 75 ni unyevu mwingi mno kwa mbao.

Hata bila kipima, gitaa lenyewe linasema. Pitisha kidole pembeni mwa shingo: ncha za freti, vile vyuma vidogo vinavyokatisha shingo, zikikukwaruza, ubao wa shingo umesinyaa na vyuma vimebaki nje. Kisha chukua rula ya chuma, ilaze juu ya ubao wa mbele nyuma ya daraja, kukatisha mwili, na uinamishe macho mpaka usawa wake. Gitaa zima lina tumbo kidogo, rula inakaa katikati na mwanga unapita pembeni. Ukiona mwanga umehamia katikati, ubao umezama na gitaa lina kiu. Ukilipatia unyevu polepole kwa wiki kadhaa, ubao hurudi wenyewe na hata ufa mwembamba hujifunga, halafu fundi ndiyo atie gundi. Ufa uliotiwa gundi wakati wa ukavu utasukumwa mvua zikija.

Kulipatia gitaa unyevu hakuhitaji kifaa cha kuagiza Ulaya. Kisanduku cha sabuni cha plastiki, matundu kama kumi na tano yaliyotobolewa kwa msumari wa moto upande wa juu, na sponji ya kuoshea vyombo iliyokatwa ikae ndani. Lowesha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kamua kwa nguvu mpaka hata tone lisidondoke, ndipo ufunge. Kimoja kikae karibu na kichwa cha gitaa, kingine chini ya shingo pale inapoungana na mwili. Kiangazi kikikolea sponji inakauka kwa siku chache tu, kwa hiyo ikague kila wiki, na ukiona imeanza kunuka itupe. Mvua zikianza, visanduku hivyo vitoke vyote. Hapo ndipo zamu ya vifuko vya silika, zile punje zinazokuja na viatu na redio. Za rangi ya buluu zikigeuka waridi zimeshiba. Zikaushe kwenye oveni yenye joto la digrii 110 au 120 za Selsiasi mpaka buluu irudi. Usitumie chombo cha chakula, rangi ile ina chumvi ya kobalti. Mwisho wa Aprili silika inatoka. Andika tarehe kwenye kalenda, maana silika iliyosahauliwa sandukuni mwezi wa Julai inapasua gitaa haraka kuliko hewa ya nje.

Kuhusu nyuzi kuna ushauri wa aina mbili na yote miwili ni mibaya: "zilegeze zote" na "ziache zilivyo". Nyuzi sita nyepesi za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa pamoja karibu kilo 70, na mvuto huo mwaka baada ya mwaka unanyanyua daraja. Lakini shingo ina chuma ndani yake kinachovuta upande wa pili. Ukilegeza nyuzi kabisa, chuma kinabaki peke yake na shingo inapinda kinyumenyume. Shusha kila uzi sauti moja nzima, Mi iwe Re, La iwe Sol, na kadhalika. Hapo mvuto unapungua kwa karibu sehemu moja ya tano na shingo inabaki imenyooka. Gitaa la nailoni halivutwi sana na mara nyingi halina chuma hicho, kwa hiyo linavumilia kulegezwa zaidi.

Na mafuta ya mawese? Hapana. Wala mafuta ya kupikia ya aina yoyote. Hayakauki, yanachacha, yanashika vumbi jekundu mpaka liwe tope, na fundi akija kugundisha ufa, gundi haishiki. Kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo kinatosha, kikifuatwa na kikavu.

Mahali pa kuweka ni pa chini kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Juu ya kabati, chini ya mabati, Oktoba hugeuka tanuri, na gundi ya daraja inalainika. Lakini sakafuni kuna mchwa, na huku kwetu Katanga, nchi ya vichuguu virefu kuliko nyumba, sihitaji kueleza zaidi. Sanduku la mbao za kubandika na kitambaa ni karamu kwao. Langu liko kwenye meza fupi ya vyuma, kila mguu ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, sentimita kumi kutoka ukutani. Umbali huo wa ukuta watu huupuuza, na ndiko mchwa wanakojengea njia yao ya udongo.

Tarumbeta halijali kiangazi. Linauawa na mate yaliyobaki ndani. Shaba nyeupe ikikaa na unyevu inapoteza zinki yake, na madoa ya waridi yanatokea kwenye mrija wa kwanza, ule unaopokea mdomo, yaani kile kipande cha kupulizia. Ukiyaona nje, ndani pameshaoza. Kabla ya kulihifadhi, toa pistoni (zile zinazobonyezwa kwa vidole) na mirija yote, osha mwili kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, pitisha brashi ndefu, suuza, acha likauke kabisa. Maji ya moto yanabandua vanishi. Vile vitambaa vya manyoya vya pistoni visilowe. Mirija paka vazelini nyembamba, lakini pistoni kamwe: nafasi kati yake na ukuta ni ndogo mno, vazelini inazigandisha. Zinataka mafuta yake mepesi. Ukirudisha, fuata namba 1, 2, 3, namba 1 ikiwa karibu na mpigaji. Ukizichanganya hewa haipiti. Mdomo ukae kando kwenye mfuko wake, maana ukiachwa ndani unanasa, na mtu akija na koleo ndiyo mwisho wa mrija. Limau na majivu viachie sufuria. Kila baada ya miezi michache bonyeza pistoni mara kadhaa na ongeza tone.

Saksafoni ina udhaifu mwingine: pedi zake ni ngozi juu ya manyoya yaliyoshindiliwa, chakula cha wadudu wadogo wenye mabuu ya nywele. Ukikuta unga au maganda ya mabuu kwenye kona za sanduku, fyonza au piga brashi kitambaa chote, lianike wazi juani siku nzima, ala ikibaki kivulini. Naftalini siitumii, mvuke wake unaharibu plastiki na baadhi ya vanishi. Mwanzi, kile kibanzi chembamba kinachotoa sauti, utoke kwenye mdomo, mdomo utoke kwenye shingo ili koki, ile gamba laini iliyozungushiwa shingo, isibonyee. Springi ni sindano za chuma. Gusa kila moja kwa ncha ya kijiti chenye mafuta ya cherehani, kutu haitashika.

Akodeoni isimame kwa miguu yake midogo ya chini, mvukuto umefungwa kwa mikanda. Ndani kuna vipande vyembamba vya ngozi vinavyoziba sauti. Ukiilaza upande usiofaa vinaning'inia, vinajikunja, na sauti zinachelewa. Vibao vyake vya sauti vimeshikwa kwa nta ya nyuki, kwa hiyo ikae mbali na mabati ya Oktoba kuliko ala zote. Kila mwezi vuta mvukuto ukiwa umebonyeza kitufe cha hewa, usiufungue kwa nguvu ukiwa mkavu.

Likembe ni rahisi: vyuma vyake futa kwa kitambaa kilichoguswa mafuta ya cherehani, visisogee pale vilipo, basi.

Gitaa la umeme litolewe betri ya volti 9 kama linayo, ikivuja inakula nyaya. Amplifaya ikae imechomolewa ukutani, kwa sababu umeme wetu ukirudi baada ya kukatika hurudi na mshtuko. Ya zamani yenye transfoma au taa za kioo, ikiwa imelala miaka, usiichomeke moja kwa moja. Unganisha balbu ya zamani ya uzi, wati 60 au 100, kwenye waya wa moto kabla ya amplifaya, zifuatane kwenye njia moja. Washa. Balbu ikimulika kisha ikafifia, kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, zinajaa vizuri. Acha hivyo kwa muda kabla ya kuondoa balbu. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna kitu kimeungana ndani. Zima, ipeleke kwa fundi, na usiifungue mwenyewe, maana kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.