Kikao cha Bamvua

Katikati ya mwaka 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti, nilikabidhiwa kazi ambayo niliidhania ndogo: kupanga vikao vya asubuhi moja kuhusu ushauri wa kitakwimu, yaani kazi ya kuwashauri wenye data, katika kongamano la wanatakwimu na watafiti lililokusudiwa kufanyika Mombasa mwishoni mwa Oktoba. Tulipewa ukumbi mdogo wa viti 60, kuanzia saa mbili hadi saa saba, yaani vikao vitatu vya dakika 90 na nusu saa ya chai. Nilijiambia kwamba kazi yenyewe itakwisha kwa jioni mbili.

Kamati yetu ilikuwa ya watu wanne, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ofisi ya kutosha, tulikutana kila Jumapili baada ya sala ya alasiri kwenye baraza ya mzee mmoja mtaani Kibokoni, katika Mji wa Kale. Sote tulimwita Maalim. Hakuwa profesa. Alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya kuhesabu samaki kwenye madiko ya Pwani, yaani pale ufuoni wanapoteremshwa samaki, kwanza akiwa karani wa kushika mizani na daftari, baadaye akiwafundisha makarani wengine, na katika miaka hiyo alijifunza nadharia ya sampuli usiku usiku kwa vitabu vya kuazima. Kahawa tungu yake ilikuwa kali kiasi kwamba mwenzetu aliyekuja kutoka bara alikuwa akila kashata mbili kwa kila kikombe kimoja.

Nilikuja na mpango wangu tayari. Nilikuwa nimeutazama utaratibu wa mikutano mikubwa ya Marekani, ambako chama chao cha takwimu kilianzishwa Boston mwaka 1839 na kina sehemu maalumu ya watu wanaofanya kazi ya ushauri. Kikao chao hudumu saa mbili kasoro dakika 10. Huwa na mwenyekiti, wasemaji watatu au wanne, na mara nyingi mchangiaji mmoja anayesoma mada zote kabla na kuzitolea maoni. Nilipunguza dakika, nikaacha mifupa ileile, nikaandika wito wa mada na kuusambaza. Tulipokea ikisiri 11. Tisa kati ya hizo zilihusu mbinu: namna ya kujaza data zilizokosekana, modeli za vipimo vinavyorudiwa, uchaguzi wa programu. Ya tisa katika hizo ilikuwa yangu mwenyewe. Nilizipanga kwa urefu na uzito, nikagawa tatu kwa kila kikao, nikaja nayo ratiba Kibokoni nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kabla ya wakati wake.

Maalim aliisoma ile karatasi taratibu, akaikunja, akaiweka chini ya kibao cha kahawa.

“Mwanangu,” alisema, “hao watakaokuja, umewauliza wanakuja kutafuta nini?”

Sikuwa nimewauliza. Ninaona haya hata sasa kuliandika jambo hili, kwa sababu kila mwaka, siku ya kwanza ya darasa langu, nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi habari ya Kimball, mwanatakwimu wa Marekani ambaye mwaka 1957 alichapisha makala kuhusu kosa la aina ya tatu. Makosa mawili ya kwanza kila mwanatakwimu anayajua: kuikataa nadharia tete iliyo ya kweli, na kushindwa kuikataa iliyo ya uongo. La tatu, alivyoeleza Kimball, ni kutoa jibu sahihi kwa swali lisilokuwa lenyewe, na alilihusisha hasa na mazungumzo mabovu kati ya mshauri na mwenye data. Nami nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya watu na ratiba iliyonyooka kabisa, ikijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Basi tukagawana orodha ya waliokwisha kujiandikisha, tukawapigia simu watu 12. Hakuna hata mmoja aliyetaja modeli. Mmoja alitaka kujua afanye nini na mkuu wake anayetaka asilimia ipande kidogo kabla ripoti haijafungwa. Mwingine aliuliza ni wakati gani mshauri anastahili jina lake liwe miongoni mwa waandishi wa makala, na ni wakati gani ashukuriwe tu. Wawili waliuliza kuhusu ada, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Na karibu wote walilalamika juu ya lile neno ambalo kila mwanatakwimu wa Kenya analifahamu: “Niangalizie kidogo tu.” Anayekuja na neno hilo mara nyingi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekwisha kukusanya hojaji zake zote, akaziingiza kwenye SPSS, programu ya takwimu, na sasa anakwambia amebakisha sura ya nne peke yake, ile ya matokeo, kama kwamba sura ya nne ni kupiga chapa na kubana. Fisher, mwanatakwimu mashuhuri wa Uingereza, aliwaambia wanatakwimu waliokutana India mwaka 1938 kwamba kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwomba aipasue maiti tu. Labda ataweza kusema jaribio lilikufa kwa ugonjwa gani. Miaka 79 baadaye, maiti bado zilikuwa zinaletwa mlangoni kwetu, tena ndani ya diski ya mfukoni.

Tulianza kupanga upya vikao vya asubuhi yetu ile, lakini muda ulikuwa umekwisha kutubana, na ninaamini tungeishia na ratiba ya nusu hivi na nusu vile kama si Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Septemba ilibatilisha uchaguzi wa urais. Uchaguzi wa marudio ukaangukia tarehe 26 Oktoba, wiki ileile ya kongamano letu. Wenye kongamano wakalisogeza hadi Desemba. Wengi waliungulika, hasa wale wa Nairobi waliokuwa na hamu ya kuteremka kwa treni mpya iliyokuwa imeanza safari zake miezi mitatu tu nyuma. Maalim alifurahi. Alisema kuwa sasa tuna nafasi ya kukipanga kikao cha pili, cha mazungumzo ya mshauri na mteja, kama inavyopaswa, na hapo ndipo alipotaja habari ya friza.

Inanibidi niieleze. Miaka minne kabla ya hapo, dada mmoja aliyefanya kazi na shirika dogo alikuja kwangu na karatasi za kuhesabu pweza kutoka diko moja kusini mwa Likoni. Kikundi cha kina mama wa pale, ambao huteremka mwambani maji yakipwa, walitaka kununua friza kwa mkopo ili wasiuze kwa bei ya mchuuzi anayewasubiri ufuoni. Walihitaji kujua kwa wastani wanapata kilo ngapi kwa mwezi. Karani alikuwa amekwenda kuhesabu Jumatatu moja kila baada ya wiki mbili, mara sita. Data zilikuwa safi ajabu: hazikuwa na mapengo, wala namba iliyopishana na mwenzake. Nilikokotoa wastani wa siku, nikauzidisha kwa siku za kazi, nikaweka na mpaka wa chini na wa juu, na mipaka ile ilikuwa myembamba hata nikajisifu. Friza ikanunuliwa kwa kipimo cha ile namba yangu.

Nilizaliwa Mombasa. Nilikulia hatua chache kutoka baharini. Ninajua, kama mtoto yeyote wa Pwani ajuavyo, kwamba bamvua, yaani siku za maji kujaa sana na kupwa sana, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwamba katikati yake kuna maji mafu, siku ambazo maji hayapwi sana na mwamba hauonekani vya kutosha kwa mtu wa miguu kuwinda pweza. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni takriban siku 14 na saa 18. Kutoka Jumatatu ya karani hadi Jumatatu yake nyingine ni siku 14 kamili. Tofauti ya saa 18 ni ndogo mno: kwa safari zote sita inajilimbikiza na kuwa chini ya siku nne, kwa hiyo karani aliyeanza siku mbili baada ya kilele cha bamvua alimalizia siku mbili kabla ya kilele. Hakuyaona maji mafu hata siku moja. Mipaka yangu ilikuwa myembamba kwa sababu siku zote sita zilikuwa siku ya namna moja. Hesabu ilikuwa sahihi, kwa diko ambalo kila siku yake ni bamvua.

Maalim ndiye aliyenionyesha jambo hilo, mwaka mmoja baada ya friza kununuliwa, kwa kuitazama karatasi ya tarehe tu bila kuzigusa namba. Na sasa alitaka nikalisimulie ukumbini, naye mweka hazina wa kikundi aketi upande wa pili wa meza.

Nilikataa. Nilitoa sababu nyingi, na baadhi yake zilikuwa nzuri: kwamba haifai kumwita mtu kutoka kijijini aje kutazamwa na wasomi, kwamba kongamano ni la wataalamu, kwamba hakukuwa na fedha za nauli. Maalim alinisikiliza hadi mwisho, akasema nauli ni ya matatu peke yake, kwa kuwa anayevuka kivuko cha Likoni kwa miguu halipi kitu. Nilikaa wiki nzima bila kwenda Kibokoni. Niliporudi nilikubali kwa sharti moja, kwamba mama yule aulizwe kwanza kama anataka kuja, na aelezwe wazi atakaa mbele ya nani. Alikubali kwa haraka iliyonitia hofu.

Siku yenyewe ilikuwa siku chache kabla ya Jamhuri, joto limeanza, projekta inazima kila baada ya dakika kumi, ingawa kikao cha pili hakikuihitaji. Tuliweka meza moja na viti viwili mbele ya watu wapatao 40. Kijana mmoja wa uzamili alijitolea kuwa mshauri, na mweka hazina akawa mteja akiwa na swali lake lilelile la zamani. Kijana akafungua kompyuta.

“Ifunge kwanza, bwana,” alisema Maalim kutoka kiti cha mwenyekiti.

Kijana akaifunga, akauliza swali lake la kwanza, nalo lilikuwa: ukubwa wa sampuli ni ngapi? Mama akamtazama kwa huruma. Akauliza sampuli ndiyo nini. Ukumbi ukacheka, kijana akaloa jasho, na kwa dakika kama kumi hivi tuliyatazama mazungumzo yakipotea njia mara kwa mara. Kila kijana alipotafuta namba, mama alimrudisha kwenye habari ya nani anakwenda mwambani, mwamba upi, na kwa nini. Hatimaye kijana, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa ujuzi, aliuliza: “Mama, hebu niambie tu mwezi wenu unakwendaje, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.”

Akamwambia. Aliutaja mwezi mzima kwa vidole, kwa hesabu ya mwandamo, bamvua na maji mafu, siku za kwenda na siku za kusuka makuti nyumbani, na ukumbini kalamu zikaanza kuandika. Hapo Maalim akanipa ishara, nami nikasimama, nikasimulia habari ya Jumatatu sita. Nilikuwa nimeiandika kwa urefu wa dakika 15. Iliisha kwa dakika tano, kwa maana kila kitu kilikuwa kimekwisha kusemwa na mwenyewe. Mtu mmoja akamwuliza mama kama wakati ule alimweleza karani mambo haya.

“Hamkutuuliza,” alijibu, akinitazama mimi na si muulizaji. “Mungalituuliza tungaliwaambia. Tulidhani mnajua.”

Kikao cha tatu, cha ada na mikataba na majina ya waandishi, kilikuwa na kelele nyingi na sikumbuki sana kilichosemwa, isipokuwa wakili mmoja aliyeshauri kwamba makubaliano yaandikwe hata kama mteja ni ndugu, na mama mmoja wa makamo nyuma yake aliyemjibu kwamba hasa akiwa ndugu.

Jioni nilimsindikiza mweka hazina hadi kivukoni. Tulisimama katika umati tukingoja mlango ufunguliwe, feri mbili zikipishana mbele yetu, na hatimaye nikapata ujasiri wa kuuliza habari ya friza. Alisema ipo, inafanya kazi, na deni limekwisha mwaka uliopita. Siku za maji mafu wanagandisha maji na kuwauzia barafu wavuvi wa mashua. Kisha akaniuliza ni lini nitakuja kuhesabu tena, na kabla sijataja tarehe akanizuia kwa mkono, akasema nimpe ya mwezi mwandamo.