Jiwe la kijani kutoka Lashaine
Nimerudi Arusha jioni hii na vumbi la Monduli hadi kwenye nyusi, lakini moyo umejaa. Mjomba alinipeleka Lashaine, kile kilima cha volkeno, akaokota jiwe jeusi na kunipa. "Ligeuze, mjomba." Upande wa pili kulikuwa na donge la punje za kijani ziking'aa kama chupa iliyovunjika. Olivini! Katikati yake, vidoa vyekundu vya ganeti.

Vidoa hivyo ndivyo vilivyoninyamazisha njia nzima. Ganeti kukaa pamoja na olivini namna ile kunahitaji mgandamizo wa makumi ya kilomita chini, kwenye lile tabaka nene lililo kati ya ganda la dunia na kiini. Hakuna aliyewahi kuchimba hadi huko (shimo la Kola, Urusi, liliishia kilomita 12 na kidogo). Volkeno ndiyo iliyotupandishia.

Halafu mjomba akanieleza habari ya almasi ya Brazil. Mwaka 2014 ilitangazwa kuwa ndani yake kuna chembe ya ringwuditi, madini ya kina cha zaidi ya kilomita 500, nayo ina maji. Si ya kuteka kwa ndoo, yamefungwa ndani ya fuwele yenyewe.

Jiwe langu liko dirishani sasa, linatazamana na Meru.