Ngadu wangu na siku gamba lilipolainika

Mchezo wetu wa vita tunauchezea barazani Kibokoni, juu ya mlango mbovu uliolazwa kwenye makreti ya soda. Kila upande una alama 100 za kununulia jeshi, mwendo tunaupima kwa tepu ya fundi cherehani, na dadu ndizo zinazoamua nani kafa. Hadithi tumeitunga wenyewe: Mombasa ya karne zijazo, bandari inalindwa na askari wa kukodiwa, na mikokoni kumejaa viumbe waliotoroka maabara. Askari tulikuwa nao. Viumbe hatukuwa nao hata mmoja, nikasema wa kwanza nitamuunda mimi.

Nilianza kwa uroho. Nikachukua kaa wa mikokoni, nikamkuza akawa kama tuktuk, nikamwita Ngadu. Nikampa akili ya pweza, ambaye theluthi mbili hivi za seli zake za neva ziko mikononi, si kichwani. Juu yake nikaongeza jeni ya dubu-maji, kile kidudu kisichoonekana kwa macho. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walionyesha kuwa jeni yake moja, ikitiwa kwenye seli za binadamu, hupunguza madhara ya eksirei kwa kama asilimia 40. Hiyo niliiacha ibaki. Akili ya pweza niliifuta baadaye, maana haikai kwenye jeni moja, na sipendi hadithi ya sayansi inayotumia jeni vile ngano za bibi zinavyotumia jini.

Mwili niliufinyanga kwa ile gundi ya kukanda ya mafundi wa mabomba, juu ya waya wa shaba niliouchomoa kwenye feni iliyokufa. Gamba nikalipaka rangi ya kucha ya dada yangu. Kuhusu hilo tusiongee sana.

Siku ya kwanza Ngadu alimaliza jeshi la binamu yangu, naye hata mkwaruzo hakupata. Binamu akasukuma dadu zake. "Huyu si kiumbe, huyu ni ukuta wenye miguu." Nilibisha, kisha usiku nikakaa na kalamu. Askari watano wakimpiga risasi moja moja: nusu ya risasi zinalenga, moja kati ya sita ya hizo inamdhuru, na gamba linazuia mbili kati ya kila tatu zilizobaki. Ukizidisha unapata jeraha 0.14 kwa raundi. Ngadu ana uhai 4. Askari watano wangehitaji raundi 29 kumuua, na mchezo wetu unaisha raundi ya 6.

Ningeweza kumpandisha bei tu, kutoka alama 30 hadi 60. Lakini kiumbe ghali asiyeuawa anachosha vilevile.

Jawabu nililipata Mikindani kwa mjomba, anayeishi kwa kutega kaa. Nilishika kaa mmoja mkubwa, mzuri wa kung'aa, nikamuuliza bei. Mjomba akambonyeza tumboni kwa kidole gumba, gamba likabonyea kama chupa ya maji. "Huyu muache, mwanangu. Kajivua gamba juzi, ndani ni maji matupu."

Nilikuwa najua kaa hujivua gamba. Sikuwa nimewahi kulisikia likibonyea. Kaa hakui bila kulitoka gamba la zamani, na mpaka jipya ligande hana kinga, anajificha tu. Tena akiwa mkubwa kama tuktuk mambo ni mabaya zaidi: ukizidisha urefu wake mara mbili, uzito unapanda mara nane na eneo la mkato wa miguu mara nne tu. Gamba likiwa laini, nchi kavu hasimami. Lazima maji yambebe.

Sheria ikajiandika. Kabla ya mchezo, mwenye Ngadu anaandika kwa siri raundi ya kujivua, ya 2, 3 au 4, anakunja karatasi na kuiweka chini ya kikombe cha kahawa. Raundi hiyo Ngadu hashambulii, gamba halizuii kitu, na risasi inayolenga inamdhuru mara mbili kati ya tatu. Askari wale wale watano sasa wanamtoa uhai 1.7. Akiwa nje ya maji anapoteza mmoja zaidi. Akipona, anaongezewa dadu mbili za gando mpaka mwisho.

Binamu akaongeza yake: maji kujaa na kupwa, kwa dadu, kila raundi ikianza. Nilikubali bila kufikiri.

Jumamosi iliyofuata niliandika 3. Ngadu alikuwa ametulia katikati ya mkondo. Raundi ya tatu binamu akarusha dadu, ikatoka moja: maji yamekupwa. Nikainua kikombe mwenyewe, Ngadu laini juu ya tope, na askari kumi wamejipanga ukingoni.

Binamu sasa anadai alama 30 ni ghali mno kwa Ngadu. Gando la kushoto limevunjika, nalikanda upya.