Asubuhi aliyopita langoni

Farasi huyu alitoka uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, akiwa na miaka 5, miguu mizima, ila mbio hazikuwa zinamlipia chakula tena. Mama mmoja mwenye zizi huko Karen akamchukua ili awe farasi wa wanafunzi. Mimi nilikuwa saisi mdogo, mtunza farasi, mwepesi wa kilo, kwa hiyo kumpanda asubuhi kabla ya wateja ikawa kazi yangu.

Farasi wa mbio ana elimu yake. Joki hukaza hatamu, farasi huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kadiri mkono unavyovuta ndivyo anavyozidi kukimbia. Kumwambia mnyama kama huyo apunguze kwa kuvuta ni kumchochea. Duara nalo lilimshinda. Uwanja wetu ulikuwa mita 20 kwa 40, herufi za alama zimepakwa rangi kwenye madebe pembeni, na duara la mita 20 linaanzia herufi A, linapita katikati ya uwanja, linarudi. Yeye akikaribia lango alijitupa nje kama matatu iliyoona abiria, duara likawa yai.

Mzee aliyenifundisha hakutaka kusikia habari za kuishusha shingo kwa mkono. "Achana na kichwa, kijana. Mgongo ukilegea kitashuka chenyewe." Kazi ikawa kutembea, mchakamchaka kidogo, kutembea tena. Nikitaka apunguze, nakaa wima, natoa pumzi, nabana vidole kwenye hatamu ya nje na kuachia papo hapo, hata kama hajapunguza. Kuachia ndiko kugumu. Ukishikilia tu, umempa kitu cha kuegemea. Mwanzoni alihitaji nusu ya uwanja ndipo atembee. Baadaye robo. Hakuna ambaye angelipa kiingilio kututazama.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku, mchanga umeshikana vizuri. Tunazunguka mkono wa kushoto, mchakamchaka, lango hilo linakuja. Nikamgusa mbavu kwa mguu wa ndani, nikabana vidole, nikaachia. Sikio la kushoto likageuka nyuma. Mbavu zikajipinda kidogo chini ya muundi wangu, na lango likapita. Nilipotoa pumzi, hatua mbili tu, akawa anatembea. Shingo ikarefuka, ikashuka, akatafuna lijamu, akapiga chafya ndefu povu likanirukia kiatuni.

"Shuka," mzee akasema.

Nilitaka mzunguko mmoja zaidi, hasa kwa kuwa mama alikuwa anakuja na kikombe chake cha chai na hakuwa ameona kitu. Mzee alikuwa ameshafika, analegeza mkanda wa tandiko pale pale katikati ya uwanja. Ukimngoja afike zizini ndipo apumzike, alisema, atajua raha iko nje ya lango.

"Mmemaliza tayari?" mama akauliza. "Tumpeleke maonyesho ya farasi ya Jamhuri?"

"Bado, mama. Ameelewa kushoto tu."

Na kweli, kesho yake tulipogeukia mkono wa kulia alinivuta hadi bega likaniuma, tukarudi kutembea.