Kabla ya kubinuka hewani

Wazazi wenzangu wa Mbeya, mtoto akipenda trampolini, kile kitambaa cha kurukia kilichovutwa kwa springi, msimkimbize kwenye sarakasi. Nimemfuatilia binti yangu ngazi kwa ngazi, na ya kwanza kabisa ni kusimama: anaruka katikati, mwalimu akisema "simama", anatua na kukunja magoti mpaka kitambaa kitulie chini yake. Hakuna anayempigia makofi hapo, lakini ndipo usalama wote ulipo.

Kisha maumbo ya hewani, yaani kujikunja au kutanua miguu ukiwa juu, halafu kutua kwa makalio, kwa tumbo na kwa mgongo. Kutua kwa mgongo ndiko kunakowatisha wengi, maana huoni unakoangukia. Kidevu kibanwe kifuani. Kubinuka ni baada ya hayo yote. Hata wachezaji wa Olimpiki, mchezo huu ulikoingia mwaka 2000, hufanya miruko 10 mfululizo, na ugumu hupimwa kwa kiasi walichobinuka na kujizungusha.

Jana binti alitua kwa makalio, akageuka hewani, akatua tena kwa makalio akiutazama mlima Loleza. Jamani, nimefurahi mno! Mwenye mtoto aliyeanza kubinuka aniambie mwalimu wake alimwanzishaje.