Waliponiita Mhesi

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi wa misitu, mwaka wa pili, chuo kikatupeleka Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, kwa mafunzo ya vitendo. Nilipanda gari Muheza mchana, nikabanwa kati ya mama mwenye kuku wawili na magunia matupu yaliyonukia iliki mpaka nikaanza kupiga chafya. Gari likapita Bombani, likafika Sigi, halafu likaanza kupanda kona baada ya kona. Joto la Tanga lilituacha huko chini. Tuliposhuka nilikuwa natetemeka, na sweta langu liko ndani ya begi, begi lenyewe liko juu ya keria chini ya mikungu ya ndizi ya watu.

Mimi ni mtu wa Missenyi, Kagera. Msitu niliokulia jirani ni Minziro, ule unaosimama majini mvua zikikolea. Huu wa Usambara Mashariki, wenye ukungu unaoingia mpaka chumbani na kulowesha daftari, nilikuwa nimeusoma tu.

Tuligawiwa makundi. Kundi letu la watu wanne likapewa ploti ya mita 20 kwa 20 juu ya kijito, pamoja na mzee mmoja Msambaa wa kutuongoza. Alikuwa na buti za mpira na panga lililolika kwa kunolewa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, kisha akanisalimu kwa Kisambaa, "Onga mshi," akasubiri. Nikabaki kimya. Akacheka, akasema ningejifunza kabla sijaondoka.

Kazi ilikuwa nyepesi kuieleza: tuhesabu miche yote ya mhesi ndani ya kamba, tuing'oe, tuandike. Mhesi ndio mti uliotupeleka kule. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902 wakaotesha miti ya kutoka kila pembe ya dunia. Mingi ilikaa pale pale ilipopandwa. Mhesi, ulioingia bustanini mwaka 1913, ulitoka. Nao usingefika mbali sana kama watu hawakuusaidia, maana ni mti wa kupenda jua. Miaka ya sitini ukapandwa kwa mbao kule Kwamkoro, na msumeno nao ukazidi kuingia msituni. Ukiangusha mti mmoja mkubwa, juu kunabaki tundu. Mwanga unashuka, na mche wa mhesi uliokuwa umedumaa gizani unafyatuka.

Mpaka saa sita tulikuwa tumeng'oa miche 340. Naikumbuka idadi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari, na kwa sababu mgongo uliniuma siku tatu. Mche mdogo unatoka kirahisi, unasikia "pwi", na mzizi wake unakuja na udongo mweusi wenye harufu ya uyoga. Ule uliofika magotini unabishana na wewe.

Mwenzetu mmoja akauliza mama wa miche yote hii yuko wapi. Mzee akanyoosha panga juu. Hatua kama kumi nje ya kamba ulisimama mti mnyoofu, mrefu, matawi yameanzia mbali kabisa. Nikausogelea. Gome la rangi ya majivu, lina mifereji mirefu inayopinda kama kamba iliyosokotwa. Nikaokota jani lililoanguka, nikapitisha kidole kwenye ukingo wake wenye meno meno. Kidole kilijua kabla yangu.

"Mzee," nikasema, "huu ni musizi."

"Ni mhesi."

"Kwetu unaitwa musizi. Baba anayo mitatu kwenye kibanja, kivuli cha buni. Kitanda changu cha nyumbani ni mbao za mti huu."

Kimya kidogo, halafu kundi zima likaangua kicheko. Mzee alicheka mpaka akaegemea panga. "Kumbe ni wewe uliyetuletea!" Kuanzia hapo sikuitwa tena jina langu. Nilikuwa Mhesi kwenye chakula, Mhesi kwenye foleni ya maji, na mkufunzi naye akadaka.

Nilicheka nao, ila moyoni niliona aibu. Jina la kisayansi la mti huo, Maesopsis eminii, nilikuwa nimelikariri kwa mtihani, na nilijua fika kwamba eminii ni Emin Pasha, yule aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Bukoba! Mji ninaoshukia meli. Na bado kwenye mtihani niliandika "mti vamizi kutoka nje", nikapata alama zote. Nje ya wapi? Mti umetoka ziwani ukaja mlimani, nchi moja, bila kuonyesha pasi.

Wakati wa kula, mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, mzee akasogea karibu yangu. Nadhani aliona nimepoa.

"Usijisikie vibaya, mwanangu. Mimi nimeipanda kwa mkono huu." Ujana wake alifanya kibarua Kwamkoro, kuchimba mashimo na kutia miche ya mhesi, akalipwa kwa hesabu ya mashimo. "Tuliambiwa mti wa maendeleo. Unakua upesi. Na kweli unakua upesi, nani atabisha?" Baadaye akafanya kazi ya kuwaonyesha njia wakata magogo. Alisema hayo bila kujikosha na bila kujilaumu, kama mtu anayekutajia mashamba aliyowahi kulima.

Kisha akanishika mkono tukashuka kijitoni. Kwenye jiwe lenye kuvu, upande usiopigwa jua, kulikuwa na mmea wa majani manene yenye manyoya laini kama sikio la ndama, na maua mawili ya zambarau. "Dughulushi," akasema. Ndilo ua ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892, na leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya. Mzee akanionyesha upande wa pili wa jiwe: mweupe, mkavu, hauna kitu. Zamani, alisema, jiwe zima lilikuwa na maua. Juu yake palikuwa na mti mkubwa wa asili, ukakatwa. Akanyamaza, nami sikumuuliza nani aliyeonyesha njia ya kuufikia.

Mimi mhesi siuchukii, hata leo. Ulikuta matundu, ukayaziba. Lakini kusimama pale na kuona nusu jiwe moja kulinifundisha kuliko daftari langu lote.

Tulikuwa tunarudi kwenye ploti tuliposikia mvumo, kama mtu anavuta mivukuto ya mhunzi juu ya ukungu. Hondohondo. Walikuja watano, weusi, mdomo umebeba pembe juu, wakatua kwenye mhesi ule ule wakaanza kula. Ndege wa msitu huu huu, wa asili kabisa, ambaye dume lake hujaza matunda kooni na kwenda kumtapikia jike moja moja kupitia ufa wa tundu alimojifungia kuatamia. Kokwa zikaanza kudondoka, ta, ta, ta, juu ya majani, juu ya kamba yetu ya katani, ndani ya mraba tuliousafisha asubuhi nzima.

Hakuna aliyesema kitu. Mzee akainama, akaokota kokwa moja, akaifuta kwenye shati, akaniwekea kiganjani.

"Mpelekee baba. Mwambie jamaa yake ni mzima, anakula vizuri."

Niliibeba mfukoni Muheza mpaka Mwanza, nikavuka nayo ziwa ndani ya MV Victoria. Nyumbani nikampa baba na kumsimulia yote. Akaigeuza geuza, akaitazama karibu na taa.

"Hizi si zimejaa hapo nje?" akasema, akairusha migombani.