Jalada moja, muhula mzima: ninavyofundisha usaidizi wa kisheria kwa saa tatu za wiki

Mwalimu wa muda ana saa zake chache darasani, na za maandalizi mara nyingi hazilipwi. Ukitunga mfano mpya kwa kila mada, leo mkataba, wiki ijayo mirathi, wiki ya tatu ajali, utakesha muhula mzima na wanafunzi watabaki na vipandevipande. Mimi hutumia jalada moja la kubuni kuanzia wiki ya kwanza hadi ya 12. Msaidizi wa kisheria kazi yake ni majalada, basi na ajifunzie humo.

Jalada langu lina kurasa 40 hivi: mkataba wa ukarabati wa nyumba, risiti, barua za pande zote mbili, jumbe za simu zilizochapishwa, picha tatu na maelezo ya mteja yasiyo na kichwa wala miguu. Ndani yake nimepanda kasoro kwa makusudi. Barua moja ina nakala mbili zenye tarehe tofauti, jina la fundi lina tahajia mbili, ukurasa wa tatu wa mkataba haupo, na jumla ya risiti haifikii fedha anazodai mteja. Asiyegundua tofauti ya jina wiki ya pili atalibeba kosa hadi kwenye hati ya madai wiki ya saba, na huko linakula alama zaidi.

Usichukue jalada la mteja wa kweli ukafuta majina. Jina lililofunikwa kwa wino mweusi mara nyingi husomeka karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga, na kisanduku cheusi kilichochorwa juu ya maandishi kwenye kompyuta mara nyingi huyaacha maneno yote chini yake, mtu anayanakili na kuyabandika kwingine. Tena utafundishaje usiri huku unauvunja?

Saa tatu nazigawa hivi: dakika 40 za sheria yenyewe, 90 za kazi ya wawili wawili, 15 za mapumziko, 35 za kupitia makosa mbele ya wote. Muhadhara ukizidi dakika 40, waliotoka kazini husinzia, na siwalaumu.

Kazi ya kwanza kubwa ni jedwali la mfuatano wa matukio, lenye safu nne: tarehe, tukio, chanzo (yaani ukurasa wa jalada), na shaka. Safu ya pili ndiyo inayowashinda. Wanaandika “fundi alivunja mkataba”, wakati hilo ni la kuamuliwa na hakimu. Tukio ni “fundi hakufika tarehe 14”. Safu ya shaka nayo ikirudi tupu, najua jalada halijasomwa.

Halafu kuna hesabu ya siku, ambayo naipa kipindi kizima. Hukumu imetoka tarehe 3 Machi, rufaa ni ndani ya siku 30. Mwisho ni lini? Katika mifumo mingi ya sheria siku ya tukio haihesabiwi, ya mwisho inahesabiwa. Siku ya kwanza ni 4 Machi. Hadi 31 Machi zimepita 28. Ya 30 ni 2 Aprili. Anayedhani siku 30 ni mwezi mmoja atafika masijala tarehe 3 Aprili, amechelewa kwa siku moja. Baada ya hapo nawarudisha Februari ya siku 28: hukumu ya tarehe 3, siku 30 zinafika 5 Machi lakini mwezi mmoja unaishia 3 Machi. Ndipo wanapoelewa kwa nini neno la sheria husomwa kama lilivyo. Nawataka pia waandike ni kifungu gani kinachosema nini kitokee siku ya mwisho ikiangukia sikukuu, na kama sheria imesema siku za kazi au za kalenda.

Kwenye hati ya kiapo makosa ni mawili: mteja kuapia alichosikia kwa watu bila kutaja aliyemwambia, na kusaini nyumbani kabla ya kufika mbele ya kamishna wa viapo. La pili haliponi kwa kubadilisha maneno. Hati inaandaliwa upya.

Mpaka kati ya taarifa na ushauri haufundishiki kwa ufafanuzi tu. Mmoja anakuwa mteja na kumbana mwenzake: “Sasa nikate rufaa au nisikate?” Kumwonyesha pa kusaini ni taarifa, kumwambia aandike nini ili ashinde ni ushauri. Jibu lazima litoke mdomoni: “Hilo nitalifikisha kwa wakili, kisha nitakurudia.” Lirudiwe mpaka lisiwe na aibu.

Akili mnemba siizuii, ila kila shauri lililotajwa liambatane na nakala ya ukurasa wake kutoka kwenye chanzo rasmi. Katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, New York, 2023, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu ya maamuzi ya mahakama yaliyobuniwa na ChatGPT. Bila nakala, aya yote inapata sifuri.

Usahihishaji ndio unaomaliza walimu wa muda. Wanafunzi 28 kwa dakika 15 kila mmoja ni saa saba. Naandika herufi pembeni tu: T kwa tarehe, C kwa chanzo kinachokosekana, M kwa maoni yaliyovaa nguo za ukweli, J kwa jina. Marekebisho wanafanya wenyewe, na alama ya pili inatokana nayo.

Mtihani wa mwisho hauna maswali. Kila mmoja anamkabidhi mwenzake jalada alilolipanga, nami nataja nyaraka tano za kutafuta ndani ya dakika 10. Mtafutaji akilazimika kumuuliza mwenye jalada, anayepoteza alama ni aliyelipanga.